Mtaro Uliofagiwa

Mtaro ulikuwa msafi, na Swaumu nusura alie.

Hakukuwa na chupa hata moja. Hakukuwa na kifuniko, wala kifuko cha ubuyu. Kuanzia kona ya msikiti mpaka barabarani, mchanga wote wa mtaa wa Isevya ulikuwa na mistari ya fagio tu. Na Bwana Octavian, mkurugenzi, alikuwa ameshatua uwanja wa ndege na mpiga picha wake, anakuja kuzoa taka.

Kampuni yao iliuza maji ya chupa nchi nzima. Sasa ilikuwa imeanzisha kampeni ya kupunguza plastiki mitaani, na kwa Tabora ilimchukua Swaumu kwa majaribio. Siku hii ikienda vizuri, anapewa ajira ya kudumu. Ikiharibika, anarudi kwa mama yake, kijijini Goweko, kuchambua tumbaku.

"Umeonaje, mwanangu?" Bi Ummy alimjia akijifuta mikono kwenye kanga. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa mtaa ule. "Tumefagia tangu alfajiri. Wageni watukute na uchafu? Hata!"

Jamani, ungemlaumu? Mji huu umepokea wageni tangu enzi za misafara ya Ujiji. Mtu wa hapa akiambiwa mgeni yuko njiani, anashika fagio kwanza, maswali baadaye.

Lakini Swaumu hakuwa na shukrani asubuhi ile. Hata shikamoo aliisahau.

"Bibi, sasa tutazoa nini? Wanakuja kupigwa picha wakizoa! Mmeniharibia kazi!"

Uso wa bibi ulisinyaa. "Hatukujua, mwanangu," alisema, akaondoka polepole kuelekea kwake. Wenzake walikuwa wameshaingia ndani kuoga na kubadili nguo.

Swaumu akamgeukia Festo, dereva. "Nenda kaniletee chupa. Popote."

"Popote?"

"Popote, Festo! Sitaki kujua ni wapi."

Haikupita muda, Festo akarudi na gari limejaa magunia. Chupa zilikuwa zimeoshwa na kubanduliwa karatasi, na kila gunia limefungwa kwa kipande cha kanga. Mtu alikuwa amezihangaikia. Swaumu aliliona hilo, akaona aibu, wala hakuuliza. Walizimwaga mtaroni upande wa barabarani, kisha akakoroga mchanga na maji, akazipaka matope kwa mikono yake mwenyewe ili zifanane na taka.

Picha zilitoka nzuri ajabu. Bwana Octavian alivaa glavu, akainama, akatabasamu. Wanawake walitoka na kanga zao za sare, wakakuta mtaro umechafuka, wakashika vichwa.

"Watu wa mnadani hawana haya! Wamemwaga tena!" alifoka Zabibu, jirani wa Bi Ummy. Wakazoa pamoja na wageni huku wakiwaomba radhi. Swaumu alijifanya anafunga kamba ya kiatu asitazamane nao.

Walipomaliza, Zabibu akapiga vigelegele.

"Mheshimiwa, usiondoke! Tuna zawadi yenu. Tangu Ramadhani tunaokota chupa mtaa mzima, tunaziosha, tunaziweka kwa Bi Ummy ili mzipeleke kiwandani. Njooni mwone!"

"Zabibu, acha," alisema Bi Ummy. Lakini nani angemsikia katika vigelegele vile? Watu wote wakaingia uani kwake. Zabibu akavuta mlango wa stoo.

Stoo ilikuwa tupu. Sakafuni palikuwa na kipande kimoja cha kanga.

Swaumu alikitambua, akalaani kimoyomoyo. Festo, mwizi we! Umeniua leo.

"Bibi, zimekwenda wapi?" aliuliza Zabibu.

Bi Ummy alitazama chini. "Nimeziuza."

Loo! Watu waliofagia naye alfajiri walijitenga naye pale pale. Mmoja akasonya. Mwingine akasema mtu mzima ovyo, na swala zake tano!

Swaumu hakuelewa kwa nini ajitwishe kosa ambalo hakulitenda. Labda hofu imemchanganya, alijiambia. Alichokielewa vizuri ni kwamba neno lake moja lingemwokoa bibi yule, na neno hilohilo lingemzika yeye. Bwana Octavian alikuwa amekunja uso, anamtazama.

"Huyu ndiye uliyemwamini?"

Swaumu akamgeukia bibi.

"Bibi, umetuangusha. Kampuni ilikuamini. Umeuaibisha mtaa wako."

Alilisema kwa sauti, kila mtu akasikia.

"Nisamehe, mwanangu," alijibu Bi Ummy.

Mkurugenzi aliridhika. Kabla hajapanda gari lake alimshika Swaumu mkono na kumwambia barua ya ajira itatoka wiki ijayo. Swaumu akashukuru. Gari lilipopotea ndipo akamrukia Festo, machozi yanamtoka.

"Unavunjaje stoo ya bibi wa watu? Huna hata haya?"

Festo alimtazama, hakuelewa.

"Nivunje? Dada, alinikuta hapo njiani nahangaika, akanifungulia mwenyewe kwa ufunguo wake, akanisaidia na kupakia. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, 'Binti wa watu akishafika mlangoni kwetu, haondoki ameumbuka.'"