Mji Usio na Mtu Wetu

"Hospitali zote mbili zimekukubali. Doha ama Maskati? Nijibu saa hii, kuna wauguzi wengine wanangoja." Simu ilikuwa kwa spika, kwa hivyo sote watatu tulimsikia ajenti.

Mama hakuniacha nifikirie. "Doha, Khadra. Baba yako mdogo ana nyumba huko. Ukienda kupanga chumba na ndugu ya baba yako yuko mjini, watu watasema nini? Utakaa kwake, kama dada yako."

Dada yangu alikuwa amechutama kando ya jiko akifukiza kibuyu cha maziwa. Alikuwa ameshika kijiti kinachowaka, tayari kukitia ndani. Alikaa Doha kwa baba mdogo, akarudi ghafla, na mpaka leo hajatuambia lolote kuhusu nyumba ile.

Mkono wake ulisimama juu ya mdomo wa kibuyu. Moto ukapanda kijiti polepole, ukielekea vidole. Nilingoja akitupe. Hakukitupa. Alikuwa akinitazama mimi, hata kope hapepesi, mpaka nikasikia harufu ya ngozi ikiungua.

"Khadra, uko?" ajenti akauliza.

Nilimpiga dada mkono, kijiti kikaanguka majivuni.

"Maskati," nikasema.

"Maskati?" Mama aliruka. "Wewe! Huko hatuna mtu hata mmoja!"

"Najua, Mama."

Alifungua mdomo anigombeze, ndipo macho yake yakafika kwenye vidole vya dada.