Jifanye Mgonjwa Kidogo

"Jifanye mgonjwa kidogo tu," dada alimnong'oneza kinyozi wakiwa jikoni. "Kaka akijua tunampeleka yeye, hatoki humu ndani."

"Nitajitahidi," kinyozi akasema.

Yeye ndiye kitinda mimba wao, na mtaa mzima ulimjua kwa utani. Wengine walikwenda kunyolewa hata kabla nywele hazijaota. Aliyewaumiza vichwa nyumbani ni kaka yao, fundi wa kuchomelea. Wiki nzima alikuwa hajalala. Aling'oa mageti ya majirani ayatengeneze upya, bure, bila kuombwa, kisha akahamia kwenye madirisha. Maneno yalimtoka kama cheche. Walipomsihi aende hospitali ya wagonjwa wa akili, alicheka. Mzima kama yeye akafanye nini huko?

Lakini alipoambiwa kuwa mgonjwa ni mdogo wake, aliweka chini vyuma vyake, akanawa, akavaa shati safi.

"Mimi nasema kila siku," alinung'unika. "Nani ananisikiliza?"

Ndani ya teksi alimshika kinyozi mkono njia nzima. Kinyozi akainamisha uso, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Dada akageukia dirishani asije akacheka. Huyu mtoto alipoteza bahati yake, angekuwa mwigizaji.

Daktari, mama mmoja wa makamo, alikuwa ameshapigiwa simu na dada asubuhi. Akawakaribisha wote watatu, akamgeukia fundi.

"Hali chakula," fundi akaeleza, akimnyooshea kidole mdogo wake. "Akirudi kazini anakaa gizani na viatu vyake mguuni mpaka kunakucha. Nikimuuliza, ananitania. Nyie wengine mnalala, hamuoni."

Dada na daktari wakatazamana.

"Na wewe mwenyewe, fundi?" daktari akauliza. "Nakuona umechoka sana. Nawe pia unahitaji matibabu."

"Mimi baadaye. Kwanza huyu."

Daktari hakubishana naye. Akaeleza polepole kwamba wodini si jela. Mtu analala, anakula, anapata dawa, anazungumza na madaktari. Ndugu wanakuja kumwona. Akitulia, anarudi kwake.

"Mlango unafungwa?" kinyozi akauliza.

"Wa nje, ndiyo."

"Na mikanda ya suruali?"

"Tunaichukua, pamoja na kamba za viatu. Siku ya kuondoka unarudishiwa."

"Na mtu akija kwa hiari yake, mnampokea?"

"Kwa mikono miwili."

Dada alimtazama kinyozi kwa shukrani. Lile swali lilimlainisha kaka kuliko wiki nzima ya kubembelezwa. Fundi alikuna kichwa, akawaza, kisha akasema, "Basi tulale wote wawili. Peke yake simwachi. Hata dawa zenu nitameza, ili naye asiogope."

Muuguzi akatandika vitanda viwili, cha pili kikiwa cha geresha tu. Fundi akakaguliwa, akameza vidonge, akaanza kumweleza mgonjwa wa jirani jinsi dirisha la wodi lilivyochomelewa vibaya. Hakumaliza. Usingizi ulimchukua katikati ya sentensi, mdomo wazi, mkono ukining'inia kuelekea kitanda cha mdogo wake.

Dada akamfunika shuka, akachukua mkoba. Tangu wiki ianze, hakuwa amevuta pumzi namna ile. Ujanja wake ulikuwa umefanya kazi, na bila ugomvi.

"Haya, mwigizaji wangu," akanong'ona, "twende zetu. Kesho tutakuja kumwambia ukweli."

Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili, ameinama, anachomoa kamba za viatu vyake.

"Nenda tu, dada," alisema. "Kaka hakukosea hata neno moja."