Mpima Barafu

Jumatatu asubuhi Glafira alipiga magoti katikati ya mto, akatumbukiza kijiti katika tundu alilotoboa kwa keekee, akakitoa na kukipima kwa kiganja. Shubiri mbili na nusu. Akasimama na kutazama ng'ambo, kwenye stesheni ya reli, kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Vipi, shangazi?" Prohor alimpigia kelele kutoka ukingoni. Alikuwa kwenye trekta, nyuma limesheheni magogo ya kuni.

"Pita! Ila mlango uache wazi, uweze kuruka."

Prohor aliufungua mlango bila ubishi. Kijijini hapakuwa na mtu wa kumbishia Glafira kuhusu mto. Miaka ishirini na sita alikuwa akipima barafu; akisema pita, watu hupita, akisema hapana, hata mlevi hurudi nyumbani kwake. Muda wote huo hajazama hata mbwa.

"Nasikia Rodion anatoka jela Jumamosi," Prohor alisema alipomfikia.

"Jumapili atakuwa stesheni."

"Basi omba baridi ishike. Barafu ikikatika, mwanao atakwama huko wiki tatu, mpaka kivuko kianze."

"Naomba, Prohor. Kila siku naomba."

Jumanne jua lilitoka kali. Maji yakatiririka mapaani, wanawake wakavua skafu, watu wakacheka ovyo barabarani kama waliokunywa. Jioni upepo ukageuka, na Jumatano kijiji kikaamka kwenye baridi ya kukata masikio, matope yamekuwa mawe. Glafira alishuka mtoni mara mbili siku hiyo. Alhamisi mvua ikanyesha juu ya theluji. Hakuna aliyejua avae nini.

Nyumbani kwa Glafira walikuwapo watu watatu: yeye, Taisia mke wa Rodion, na mjukuu wake Varya wa miaka mitano. Taisia alikuwa akizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Taya lake lilivunjika miaka mitatu iliyopita na halikuunga sawasawa. Mahakamani Glafira ndiye aliyesimama na kueleza lilivunjikaje, mwanawe akimtazama usoni. Baadhi ya majirani hawakumsalimia mwaka mzima.

Alhamisi hiyo hiyo simu ililia wakiwa mezani, wanakula supu ya kabichi.

"Mama," sauti ya Rodion ilisema, tulivu, karibu ya upole. "Mwambie mke wangu asiende popote. Nakuja."

Glafira akaiweka simu chini. "Anasema usiende popote."

Taisia aliendelea kumkatia Varya mkate.

"Niende wapi, mama? Kwa dada yangu alinifuata. Mjini nako alinifuata, na sikuwa nimemwambia mtu."

"Labda jela imemtuliza."

"Unaamini hivyo?"

Glafira aliinuka na kuongeza kuni motoni. Alikuwa amemzaa Rodion katika chumba hicho hicho, wakati wa dhoruba, bila mkunga, na alikuwa amemzika mume aliyekuwa na sauti tulivu namna ile ile.

Ijumaa baridi ikarudi kidogo, ikawapa watu matumaini. Jumamosi ikafukuzwa na upepo wa kusini, mnene, wenye harufu ya udongo. Saa sita mchana Glafira aliinua mtaimbo mara moja tu na kulegeza mkono. Ulitoboa barafu kwa uzito wake wenyewe, ukapotea mpaka kwenye kiganja chake. Barafu ilikuwa bado nene kwa macho, lakini ndani ilikuwa imeoza, imegawanyika kama meno ya kitana.

Akapanda kijijini na kupita nyumba hadi nyumba. "Mto nimeufunga. Asikanyage mtu."

"Pole, shangazi," Prohor alimwambia mlangoni. "Ungemwona mwanao kesho. Wiki tatu si nyingi, lakini."

"Si nyingi hata kidogo," alisema Glafira.

Alasiri alimwita Taisia hadi ukingoni, akamfundisha kushika keekee, kusoma rangi ya barafu, kusikiliza mlio wake chini ya buti. Taisia alikuwa amechangamka. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa akitazama mto bila kukunja ndita.

"Wiki tatu zinatosha kufika mbali, mama. Nikiondoka Jumatatu na Varya kwa njia ya msituni..."

"Shika kwa mikono miwili," Glafira alimkatiza. "Mwakani utapima wewe."

Jumapili ilipambazuka bila upepo. Ukungu ulikuwa umelala mtoni, kiasi kwamba stesheni haikuonekana. Kila baada ya muda kitu kilipasuka huko chini kwa kishindo, na kuku wakanyamaza. Taisia alikuwa zizini akikamua mbuzi, Varya yuko naye, wakati simu ilipolia.

"Mama, nimeshuka kwenye treni," Rodion alisema. "Mlinzi wa huku anasema mto umefungwa. Eti umeufunga wewe."

"Ndiyo."

"Umeufunga ili nisivuke?"

Glafira alisogea dirishani. Kupitia kioo alimsikia Varya akicheka na mbuzi.

"Nimeufunga kwa matrekta, mwanangu. Kwa miguu barafu ni nzima kabisa. Fuata alama za matairi, usiziache, maana ukungu ni mzito."

"Una hakika?"

"Lini nimekosea? Njoo. Nami nakuja, tukutane katikati."

Akaizima simu, akavaa koti lake la ngozi ya kondoo, lililo zito kuliko yote, akalifunga vifungo mpaka shingoni, akatoka kwenda kumpokea mwanawe.