Utepe Juu ya Mboga

Mshonaji alifika uani amekumbatia deki ya video aliyoisaka miezi saba, akasimama kama aliyepigwa kofi. Juu ya matuta ya mboga, utepe mweusi ulikuwa umefungwa kutoka kijiti hadi kijiti, unapepea na kung'aa.

"Ndege wamekoma, dada," alijigamba mdogo wake, fundi bomba mwenye ndevu zake. "Nimetumia zile kanda zako za sandukuni."

"Nani kakuruhusu?"

"Kwani si takataka? Tangu duka la baba lifungwe, nani bado anakodi kanda?"

Dada aliitua deki chini taratibu. Akaokota ganda tupu la kanda. Kwenye lebo, kwa mwandiko wa baba yao, palisomeka: Rudisha nyuma kabla ya kuleta.

"Kila kanda, kabla filamu haijaanza, baba alijirekodi akiwakaribisha wateja," alisema. "Anawatania waliochelewesha. Anacheka. Alipokufa, wewe alikuacha unanyonya. Nimezunguka masoko yote nikitafuta hii mashine ili umsikie, mjinga wewe!"

Tabasamu likamfutika fundi bomba. Aliutazama utepe kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Nimsikie baba?"

"Baba, ndiyo! Uliyemtundika kutishia ndege!"

Mdogo wake alipiga magoti topeni, akagusa fundo la kwanza, kisha akauondoa mkono haraka.

"Dada, nikivuta utakatika?"

"Ukate uone," alifoka, naye akachutama kushika ncha ya pili.