Boksi la Same

Salha alikuwa amelikumbatia boksi kwa mkono mmoja, goti kaliegemeza juu yake, na mkono wa pili kaukunja ngumi, utadhani anamsubiri wa kwanza atakayesogea. Jua lilikuwa halijachomoza sawasawa. Wauza mitumba wa soko la Same wakaacha kutandika nguo, wakaja kutazama.

"Mzigo wangu huu," alisema. "Mwiteni mwenyekiti. Leo kuna mtu anaumbuka."

Mwenye meza lilipokuwa boksi hilo, Ernesta, ndiyo kwanza alikuwa anarudi na chupa yake ya chai. Mama wa kijiji cha Vudee huyo, ameshuka mlimani mwaka jana tu, akapewa meza mkabala na ya Salha, na tangu siku hiyo wateja wa milimani wakawa wanampita Salha kama hawamwoni. Wanamkimbilia Ernesta, wanapiga Chasu, Kipare chao cha nyumbani, wanacheka, wanaondoka na makoti. Miaka yote ile ya baridi nani aliyewavisha kama si Salha? Lakini binadamu hana fadhila.

"Mama Ummy, kuna shida gani?" Ernesta aliuliza.

"Shida ni hayo macho yako makavu."

Habari ya boksi la Salha kila mtu sokoni aliijua. Lilipakiwa kwenye basi Dar mwezi uliopita, likapotelea njiani, na kondakta akaapa hajui lolote. Salha alilia mpaka sauti ikakauka. Leo Ernesta anatokea na boksi, ndani makoti ya kike, mazito, mapya kabisa, kila moja na lebo ya Pembridge.

Na hiyo Pembridge yenyewe, aliyewajulisha watu wa Same ni Salha. Yeye ndiye aliyekuwa na Kiingereza pale sokoni; lebo zote zilipitia kwake, hii usifue kwa maji, hii usipige pasi. Akishika koti la Pembridge hataji bei kwanza, anaanza na hadithi. Duka la ghorofa, kila mji wa Uingereza lipo, ngazi zinapanda zenyewe. Ukiagiza koti asubuhi, hujala chakula cha usiku limeshafika mlangoni kwako, siku hiyohiyo. Kisha watu wakahamia kununua kwenye simu, duka likafa, milango ikafungwa, na mali iliyobaki ikauzwa kwa maboksi kwa yeyote mwenye kuisafirisha. "Unavaa urithi wa marehemu," alikuwa akimwambia mteja, na mteja anacheka huku anajaribu koti.

Mwenyekiti wa soko, mzee Eliufoo, alifika akapokea shikamoo za watu bila kuzijibu zote. Alitaka kumsikia Ernesta.

"Nililinunua Ilala kwa mkono wangu, mzee. Niliuza ng'ombe wangu wa maziwa, sina mwingine. Nikalipakata ndani ya basi mpaka hapa."

"Ulilipakata?" Salha alidakia. "Sasa mzigo wa kupakata unaandikwa mji wa nini? Geuzeni ubavu huo wauone."

Wakaligeuza. Ubavuni palikuwa na stika ya kijani, imechanika upande mmoja, yenye herufi kubwa zilizopigwa chapa. Mzee Eliufoo aliinama, akapapasa miwani mfukoni, akaikosa.

"Salha, hebu nisomee."

"Asome mwingine, mzee. Nisije nikaambiwa nimesema uongo."

Basi Idrisa, muuza viatu, ndiye aliyesoma, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. "S, A, M, E. Same."

Watu wakaguna.

"Hiyo karatasi," Ernesta alianza, "jana ilikuwa..."

"Jana ilikuwa ya Salha," mmoja alimalizia, na kicheko kikamfunika.

Mzee Eliufoo hakuhitaji zaidi. Salha alipotelewa na mzigo wa kuja Same. Huu hapa mzigo umeandikwa Same. Boksi lirudi kwa mwenyewe, na meza ya Ernesta apewe mtu mwingine, maana soko lile halilei wezi.

Ernesta hakulia. Alikunja turubai lake taratibu, na watu wakampisha njia kwa kumkwepa, kama mwenye upele. Alipofika mbele ya Salha alisimama.

"Mungu anakuona, Mama Ummy."

"Na aone vizuri. Wasalimie Vudee."

Alipokwisha kwenda, Salha alikaza fundo kwenye pindo la khanga yake, akavuta kiti. Moyo wake ulikuwa mweupe. Makoti yalitoka kama maandazi siku hiyo, maana watu wa milimani hawakuwa tena na pa kukimbilia. Walinunua kwake wamenuna, wala hakujali. Alifunga meza mapema kuliko siku zote.

Nyumbani binti yake, Ummy, alikuwa anapepea jiko.

"Mama, ni kweli boksi limepatikana?"

"Limepatikana, mwanangu. Kaniletee sufuria."

Ummy alipoingia ndani, Salha alichuchumaa karibu na mkaa, akafungua lile fundo la khanga. Kikatoka kipande cha stika ya kijani, kimelowa jasho la kiganja tangu alfajiri, na yale maneno yaliyokuwa yakifuata lile la kwanza bado yanasomeka vizuri: DAY DELIVERY.

Akakitumbukiza motoni, akapepea.