Cherehani ya Wifi

"Mkono huu umenishonea mimi. Na huu mwingine umemshonea nani?" Bi Chausiku alilitupa mezani gauni lake, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na wanawake waliokaa kibarazani wakaangua kicheko.

Mwasiti alilivuta gauni kwake. Huu ulikuwa mwezi wa tatu anashona, na hakuna nguo iliyotoka sawa. Cherehani ilinunuliwa na wifi yake, Tatu, ambaye hakuwahi kumuuliza anaweza kazi gani.

"Muombe radhi mteja," alisema Tatu. "Fumua, ushone upya. Mwanamke ni subira."

Mwasiti alikaa, akakanyaga pedali. Uzi ukakatika. Akautunga tena, ukakatika tena. Hasira zikampanda. Alichukua bisibisi, akailaza cherehani ubavu na kuifungua mbele ya wote.

"Utaniharibia mashine yangu!"

"Umeuziwa mbovu, wifi. Aliyeifunga kaweka hiki chuma kinyumenyume."

Alikigeuza, akakaza, akatia mafuta, kisha akakanyaga. Sindano ilikwenda bila kukwama hata mara moja. Kicheko kibarazani kilikatika.

"Yangu imekufa tangu mwaka jana," alisema Bi Chausiku, sauti imeshuka.

"Ilete. Gauni mpelekee anayejua kushona."

"Mwasiti!" Tatu alifoka. "Nilikununulia ushone!"

"Ungeniuliza kwanza."

Bi Chausiku alikuwa ameshafika barabarani, anakwenda mbio kuifuata cherehani yake. Mwasiti alisukumia sakafuni vitambaa vyote, gauni na mkono wake mrefu vikiwemo, akasimama nyuma ya meza tupu, viganja vyeusi kwa mafuta.