Mzigo wa Tarehe Tisa

Nesi alikifungua mwenyewe kizibo cha chupa ya maji mbele ya mpimaji wa hospitali, asije mtu akadai chupa ilikuwa imeguswa. Siku mbili baadaye mpimaji alimwita, akamwonyesha kisahani kilichojaa vidoa vyeupe.

"Bakteria," alisema. "Hawahawa ndio waliomlaza mama yako."

"Lakini chupa ina wiki tatu tangu ifungwe."

"Wameishi humohumo, dada. Na wamezaana."

Mama alikuwa wodi ya pili, dripu mkononi, macho yamezama ndani. Kwa nesi, alikokuwa akiishi, hakunywa maji mengine ila hayo ya chupa. Katoni ziliingia kila mwezi kwenye gari la mkwewe, mume wa nesi, aliyeziita "salamu za shemeji kutoka kiwandani," naye mama akiwatambia majirani kwamba maji yake yanapimwa na mwanawe wa kwanza.

Hilo la kupima lilikuwa kweli. Kaka yake nesi ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara ya kiwanda hicho cha maji. Baba alipofariki, ndiye aliyeacha shule ili wadogo zake wasome.

Nesi alimpigia mumewe simu, akamsimulia.

"Nilikwambia mapema," mume alisema kwa upole. "Kaka yako alijua siku zote. Mshtaki, mke wangu. Undugu usikufumbe macho."

Alikwenda kiwandani na sare yake ya kazi. Kaka alikuwa peke yake, anaosha vioo vya kupimia.

"Mama anaendeleaje?"

"Usimtaje mama. Ulijua kwamba maji haya ni machafu?"

Kaka alifunga bomba. "Nilijua."

Nesi alikuwa amejiandaa kwa uongo wa kila aina, si kwa neno hilo.

"Tumekula sahani moja, kaka. Ukanyamaza, mama anywe?"

"Sikunyamaza. Na sijawahi kuwatumia hata katoni moja."

Alifungua kabati, akatoa faili, akaliweka mbele yake bila kukaa. Mzigo wa tarehe tisa, tarehe ileile ya kwenye chupa ya mama: chujio limepasuka. Siku ya kwanza, bakteria hai. Siku ya saba, hai. Siku ya ishirini na moja, wengi kuliko mwanzo. Chini, kwa wino mwekundu na mwandiko anaoufahamu tangu utotoni: *Usitoke.*

"Mbona umetoka?"

"Bosi alimwita mkaguzi wa serikali. Akaja, akanywa chai ofisini, hakupima hata tone. Aliondoka na katoni nyuma ya gari. Kesho yake ikaja barua kwamba maji ni salama."

"Ungeniambia mimi."

"Nilikuja mpaka mlangoni kwako mara mbili." Kaka alijifuta mikono polepole, macho chini. "Nikakuta mnacheka, wewe na mama na watoto. Nikarudi. Nikasema nitapambana nao hukuhuku kazini."

"Kucheka kwetu kunahusu nini hapa?"

"Sikutaka nyumba yako ivunjike mikononi mwangu." Alifunua ukurasa wa mwisho, ile barua yenye mhuri, akamsogezea.

Nesi aliitambua sahihi kabla hajafika kwenye jina. Ilikuwa pembeni ya sahihi yake mwenyewe, kwenye cheti chao cha ndoa.